Ufahamu wa Matini katika Skrini na katika Karatasi: Tathmini ya Ushahidi na Nafasi Yake kwa Msomaji wa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inatathmini ushahidi wa kitafiti kuhusu tofauti kati ya usomaji wa vitabu vilivyochapwa na usomaji kwa kutumia vifaa vya kielektroniki, kisha inahoji ni kwa kiasi gani ushahidi huo unamhusu msomaji wa Kiswahili wa Afrika Mashariki. Inaonyeshwa kwamba karatasi ina ubora mdogo lakini usiotetereka katika ufahamu wa matini za maelezo, na kwamba chanzo cha ubora huo kiko zaidi katika namna msomaji anavyosimamia juhudi zake kuliko katika kioo chenyewe. Hata hivyo, sehemu kubwa ya vipimo hivyo ililinganisha karatasi na skrini pana, mbele ya wasomaji ambao walikuwa na uwezo wa kupata vyote viwili. Msomaji anayefungua tasnifu ya kurasa za A4 kwenye simu ya mkononi yuko katika hali nyingine kabisa.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu kitabu na skrini umezoeleka kuendeshwa kwa hisia. Wapo wanaoitetea karatasi kwa harufu yake na uzito wake mkononi; wapo wanaoitetea simu kwa sababu inabeba maktaba nzima mfukoni. Hoja za namna hiyo zina ukweli wake, lakini hazimsaidii mkuu wa maktaba anayelazimika kuamua kama bajeti ya mwaka itumike kununua nakala kumi za kitabu kimoja au kulipia haki ya kukipakua. Hazimsaidii pia msimamizi wa tasnifu anayejiuliza kwa nini mwanafunzi aliyesoma kazi tangulizi zote kwa simu anaweza kutaja mada ya kila kazi, ilhali anashindwa kueleza hoja zake zilivyojengwa.

Swali la msingi, kwa hiyo, ni la ufahamu: je, matini ileile, ikisomwa na watu wenye uwezo sawa, inaeleweka kwa kiwango kilekile katika karatasi na katika skrini? Swali hili limefanyiwa utafiti kwa zaidi ya miaka arobaini. Majibu yake hayakubaki yaleyale, na mabadiliko hayo yenyewe yana mafunzo.

Kabla ya kuyaangalia majibu hayo, ni lazima istilahi ya "skrini" ifafanuliwe, kwa kuwa mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Kompyuta ya mezani, kompyuta mpakato, kishikwambi, simu janja na kifaa maalumu cha kusomea vitabu havifanani. Kifaa maalumu cha kusomea vitabu hutumia wino wa kielektroniki, teknolojia iliyotokana na kazi za maabara ya MIT nchini Marekani katika miaka ya 1990. Wino huo hautoi mwanga wake wenyewe bali huakisi mwanga wa mahali ulipo, kama karatasi inavyofanya. Kifaa cha Kindle, kilichoingia sokoni Novemba 2007, kilitumia wino huo. Simu na vishikwambi vingi, kwa upande wake, hutoa mwanga kuelekea jichoni, na pia hupokea ujumbe, simu na matangazo wakati msomaji akiwa katikati ya aya. Mtafiti anayesema tu kwamba "wasomaji wa skrini" walifanya vibaya hajasema mengi.

2.0 Kutoka Kasi hadi Ufahamu

Tafiti za mwanzo hazikujishughulisha sana na ufahamu. Zilijishughulisha na kasi. Katika miaka ya 1980, skrini zilikuwa mabomba ya kioo yenye herufi za kijani au nyeupe zilizochongoka, zenye kumetameta, juu ya weusi. Andrew Dillon, aliyepitia kazi hizo katika makala yake ya mwaka 1992, alionyesha kwamba matokeo yaliyorudiwa mara nyingi ni kuwa usomaji wa skrini ulikuwa wa polepole kuliko wa karatasi kwa asilimia 20 hadi 30. Lakini tayari mwaka 1987 John Gould na wenzake wa kampuni ya IBM walikuwa wameonyesha kwamba, herufi zikilainishwa, zikiwa nyeusi juu ya weupe na mwonekano wake ukikaribia ule wa karatasi, tofauti ya kasi hutoweka. Tatizo la kasi lilikuwa la kiufundi, na mafundi walilitatua.

Ilitarajiwa kwamba tofauti ya ufahamu, kama ilikuwapo, nayo ingefuata mkondo huohuo: skrini zingeboreka, vizazi vipya vingezoea, na karatasi ingebaki kuwa suala la mapenzi ya mtu. Matarajio hayo hayakutimia.

Utafiti unaotajwa mara kwa mara ni ule wa Anne Mangen na wenzake uliochapishwa mwaka 2013. Wanafunzi 72 wa darasa la kumi nchini Norwei walisoma matini mbili, moja ya kisimulizi na nyingine ya maelezo, kila moja ikiwa na maneno kati ya 1,400 na 2,000. Kundi moja lilisoma karatasi. Kundi jingine lilisoma faili za PDF kwenye kompyuta. Waliosoma karatasi walipata alama za juu zaidi katika maswali ya ufahamu. Inafaa kukumbuka kwamba vijana hao walikuwa wamekua na kompyuta shuleni na nyumbani. Haikuwa rahisi kudai kwamba tatizo lilikuwa ugeni wa kifaa.

Utafiti mmoja wa watu 72 hauwezi kubeba uzito wa hitimisho la jumla. Mwaka 2018 Pablo Delgado, Cristina Vargas, Rakefet Ackerman na Ladislao Salmerón walichapisha uchanganuzi uliounganisha tafiti 54 za kati ya mwaka 2000 na 2017, zenye washiriki 171,055 kwa jumla. Matokeo yake ni kwamba karatasi iliizidi skrini kwa takriban 0.21 ya kizio cha mkengeuko sanifu. Virginia Clinton, katika uchanganuzi wa tafiti 33 uliotoka mwaka 2019, alipata tofauti ya takriban 0.25. Wachanganuzi hawa walitumia vigezo tofauti vya kuchagua tafiti na bado wakafika karibu na mahali pamoja.

Kipimo cha 0.21 kinahitaji kutafsiriwa kwa uangalifu, maana kinaweza kukuzwa au kudharauliwa kwa urahisi. Ni tofauti ndogo. Hakimaanishi kwamba msomaji wa skrini haelewi. Wasomaji wengi wa skrini katika tafiti hizo waliwazidi wasomaji wengi wa karatasi. Kinachomaanishwa ni kwamba, mambo mengine yakiwa sawa, wastani umesogea kidogo upande wa karatasi. Kwa mtu mmoja anayesoma makala moja, tofauti hiyo ni ya kupuuzwa. Kwa mfumo wa elimu unaohamisha vitabu vyote vya kiada vya kizazi kizima kwenda kwenye skrini, tofauti ndogo inayojirudia kila siku kwa miaka kumi na miwili si jambo la kupuuzwa.

Mambo mawili katika uchanganuzi wa mwaka 2018 yanastahili kutazamwa kwa karibu. La kwanza ni kwamba ubora wa karatasi haukupungua kadiri miaka ilivyosonga kutoka 2000 hadi 2017, uliongezeka. Dhana ya kwamba kuzaliwa katika zama za dijitali kunamfanya mtu kuwa msomaji bora wa skrini haikupata ushahidi wowote hapo. La pili ni tofauti ya utanzu. Ubora wa karatasi ulionekana katika matini za maelezo, au pale matini za maelezo zilipochanganywa na za kisimulizi, lakini haukuonekana katika matini za kisimulizi pekee. Clinton naye alipata tofauti ya takriban 0.32 kwa matini za maelezo na karibu sifuri kwa hadithi. Riwaya, kwa lugha nyepesi, haijali sana inasomewa wapi. Tasnifu inajali.

Hata hivyo, kauli hiyo kuhusu hadithi ina pengo. Mwaka 2019 Mangen, Gérard Olivier na Jean-Luc Velay walitoa matokeo ya jaribio ambamo washiriki 50 walisoma hadithi ya mwandishi Elizabeth George yenye kurasa 28, usomaji wa takriban saa moja, nusu yao katika kitabu cha karatasi na nusu katika Kindle. Katika vipimo vingi hawakutofautiana. Walitofautiana katika jambo moja: waliosoma karatasi waliweza zaidi kupanga matukio ya hadithi kwa mfuatano wake wa wakati na kukumbuka tukio lilitokea sehemu gani ya matini. Waliosoma Kindle walijua kilichotokea. Hawakujua vizuri lini. Watafiti hao wanalihusisha jambo hilo na mikono. Msomaji wa kitabu huhisi kurasa zikiongezeka upande wa kushoto na kupungua upande wa kulia, na hisi hiyo humpa ramani ya matini. Kifaa cha kielektroniki kina unene uleule katika ukurasa wa kwanza na wa mwisho.

3.0 Kwa Nini: Suala la Kujipima

Maelezo ya ramani ya mkononi yanavutia, lakini hayatoshelezi. Kama sababu ingekuwa mwili wa kitabu peke yake, hadithi ndefu ingeathirika zaidi kuliko makala fupi ya maelezo, na data hazionyeshi hivyo. Maelezo yenye nguvu zaidi yametokana na kazi za Ackerman na wenzake nchini Israeli, yanayohusu namna msomaji anavyojipima.

Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2011, Ackerman na Morris Goldsmith waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu matini za maelezo, wakawataka watabiri alama watakazopata kabla ya kujibu maswali. Pale muda wa kujifunza ulipopangwa na watafiti, ukiwa sawa kwa wote, karatasi na skrini hazikutofautiana. Pale wanafunzi walipoachwa waamue wenyewe lini wamesoma vya kutosha, waliosoma kwenye skrini walipata alama za chini. Zaidi ya hayo, wasomaji wa skrini walijikadiria juu kuliko hali halisi. Waliacha kusoma mapema kwa sababu waliamini kwamba wameshaelewa.

Hapa pana tofauti ya msingi kati ya kushindwa kuelewa na kushindwa kujua kwamba hujaelewa. Aliyeshindwa kuelewa na akajua, hurudi nyuma, husoma tena, huuliza. Aliyeshindwa na asijue hana sababu ya kurudi. Lauren Singer na Patricia Alexander, katika utafiti wao wa mwaka 2017 wa wanafunzi 90 wa chuo kikuu nchini Marekani, walipata sura ileile: wanafunzi walidhani walielewa zaidi kwenye skrini, wakati walikumbuka hoja mahususi zaidi kutoka katika karatasi. Katika kutaja wazo kuu hapakuwa na tofauti. Jambo hili linaendana kwa karibu na lalamiko la wasimamizi wa tasnifu lililotajwa hapo juu: mada inakumbukwa, ujenzi wa hoja unapotea.

Uchanganuzi wa 2018 ulionyesha kwamba pengo huwa kubwa zaidi pale msomaji anapobanwa na muda. Kwa mtazamo wa haraka, matokeo hayo yanapingana na yale ya 2011, ambamo muda uliopangwa uliondoa tofauti. Mgongano huo unapungua iwapo itakubaliwa kwamba kinachopimwa katika hali zote mbili ni usimamizi wa juhudi. Msomaji wa karatasi, akijua kwamba muda ni mfupi, hukaza umakini wake. Msomaji wa skrini huendelea na mwendo wake wa kawaida. Mwendo huo wa kawaida umejengwa na kazi ambazo skrini hufanya siku nzima: kuruka kutoka ujumbe hadi ujumbe, kupitisha macho juu ya kichwa cha habari, kutafuta neno moja na kuondoka. Jicho lililofunzwa hivyo asubuhi haligeuki kuwa jicho la mwanazuoni jioni kwa sababu tu faili iliyofunguliwa ni ya nadharia ya fasihi.

Ikiwa maelezo haya ni sahihi, basi tatizo linatibika, na kwa kweli kuna dalili hiyo. Tirza Lauterman na Ackerman walionyesha mwaka 2014 kwamba wasomaji wa skrini wakitakiwa kuandika maneno muhimu yanayobeba kiini cha matini baada ya kuisoma, pengo kati yao na wasomaji wa karatasi huzibika. Kazi hiyo ndogo iliwalazimisha kusoma kwa kina, na kifaa hakikuwazuia. Kwa mwalimu, matokeo haya ni muhimu kuliko mjadala wote wa harufu ya karatasi.

Kuhusu watoto wadogo picha ni tofauti kidogo. Uchanganuzi wa May Irene Furenes, Natalia Kucirkova na Adriana Bus wa mwaka 2021, uliounganisha tafiti 39 zenye watoto 1,812 wa umri wa mwaka mmoja hadi minane, ulionyesha kwamba kitabu cha kielektroniki kinachosomwa tu kwa sauti ya kifaa kinazidiwa na cha karatasi, lakini kile ambacho nyongeza zake zinaisaidia hadithi yenyewe kinaweza kukizidi. Michezo isiyohusiana na hadithi haina faida hiyo.

4.0 Karatasi Ipi, na kwa Nani?

Tafiti zilizotajwa hadi hapa zina sifa moja ya pamoja ambayo ni rahisi kupitwa. Karibu zote zilifanyika mahali ambapo mshiriki, akitaka, angeweza kupata kitabu cha karatasi. Ulinganisho ulikuwa kati ya kitabu na skrini. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ulinganisho huo haupo. Uliopo ni kati ya skrini na kukosa. Kanuni ya ulinganisho wowote ni kwamba matokeo yake yanategemea kile kinachowekwa upande wa pili wa mizani, na ukibadilisha upande huo, tofauti ya 0.21 haina tena la kusema.

Mfano ulio karibu ni jaribio la Global Learning XPRIZE mkoani Tanga. Kwa muda wa miezi 15, watoto takribani 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, pamoja na vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Wengi wa watoto hao hawakuwa wakienda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili mwanzoni. Tuzo ilitangazwa Mei 2019 na kugawanywa kati ya programu mbili, Kitkit School na onebillion. Idadi ya watoto wasioweza kusoma ilipungua kwa nusu. Hakuna aliyedai kwamba kishikwambi kiliwashinda walimu wazuri wenye vitabu. Hapakuwa na walimu wala vitabu vya kushindana navyo.

Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2014 kuhusu usomaji kwa simu inaelekea upande huohuo, ingawa inahitaji kusomwa kwa tahadhari. Ilihusisha watu zaidi ya 4,000 katika nchi saba, zikiwamo Uganda na Ethiopia, na ilionyesha kwamba wengi wao walisoma zaidi tangu waanze kusomea kwenye simu, na kwamba theluthi moja walitumia simu kuwasomea watoto hadithi. Waliohojiwa, hata hivyo, walikuwa tayari watumiaji wa programu moja ya kusomea. Aliyejaribu kusoma kwa simu akachoka na kuacha hakuulizwa.

Kwa upande mwingine, hoja ya "skrini au kukosa" ina hatari yake, na watunga sera huipenda kwa sababu ni rahisi. Inaweza kugeuzwa kuwa kisingizio cha kutonunua vitabu kabisa. Maktaba iliyonunua kitabu cha karatasi inakimiliki hadi kichakae. Maktaba iliyolipia leseni inamiliki ruhusa. Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta kwa mbali nakala za riwaya mbili za George Orwell, 1984 na Animal Farm, kutoka katika vifaa vya watu waliokwisha kuzilipia, baada ya kugundua kwamba aliyeziuza hakuwa na haki nazo. Wateja walirudishiwa fedha. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kielektroniki, na vitabu vilivyonunuliwa humo havikufunguka tena. Maktaba inayopanga kuhifadhi fasihi ya Kiswahili kwa miaka mia haina budi kulipa suala hili uzito uleule inaoupa suala la ufahamu.

5.0 Msomaji wa Kiswahili

Ugumu wa kwanza wa kulihamishia swali hili katika Kiswahili uko katika neno lenyewe. "Kusoma" kwa Kiswahili ni kupitisha macho juu ya maandishi, ni kujifunza, na ni kuhudhuria masomo. Anayesema "ninasoma Dodoma" hazungumzii kitabu. Hojaji inayouliza "Unasoma kwa simu saa ngapi kwa siku?" inaweza kujibiwa na mmoja kwa maana ya maandishi yoyote anayoyaona, na mwingine kwa maana ya kujifunza somo. Mtafiti anayetafsiri hojaji kutoka Kiingereza bila kulitenganisha neno hili atakusanya majibu ya maswali mawili na kuyahesabu kama moja.

Historia ya maandishi ya pwani nayo inatahadharisha dhidi ya kuichukulia karatasi iliyofungwa jalada kama hali ya asili ya usomaji. Katika vyuo vya Kurani, mwanafunzi aliandika aya kwa wino juu ya ubao, akaisoma kwa sauti hadi akaihifadhi, kisha ubao ukaoshwa upokee aya nyingine. Matini ilifutika na kumbukumbu ikabaki. Ubao huo, kwa kuwa uso wake hubadilika na hauna unene wa kuonyesha umefika wapi, unakaribiana na skrini kuliko kitabu. Hata hivyo haukuzaa usomaji wa juujuu, kwa sababu desturi iliyouzunguka ilidai kuhifadhi. Ni mfano unaounga mkono maelezo ya juhudi dhidi ya maelezo ya kifaa, ingawa si ushahidi wa kimajaribio. Utenzi nao ulikusudiwa kughaniwa mbele ya wasikilizaji zaidi ya kusomwa kimya na mtu mmoja.

Sarufi pia ina nafasi yake. Kiswahili ni lugha ambishi bainishi, na neno moja la kitenzi hubeba mzigo wa sentensi. "Hatukuwasomea" ni neno moja. Kiingereza kitahitaji sita kusema jambo hilo. Matokeo yake ni kwamba hesabu ya maneno kwa dakika iliyopatikana kwa Kiingereza haiwezi kuwekwa sambamba na ya Kiswahili, na mstari mwembamba wa simu hubeba maneno machache zaidi. Mstari wa herufi 35 unaweza kuwa na maneno manne tu ya Kiswahili cha kitaaluma, na neno refu lisilotosha husukumwa chini na kuacha pengo. Athari ya jambo hili kwa ufahamu inafaa kupimwa yenyewe badala ya kukisiwa.

6.0 Tasnifu kwenye Simu

Hali inayowagusa zaidi wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa Kiswahili ni ya tasnifu zenyewe. Kazi nyingi zilizoandikwa kwa Kiswahili katika vyuo vikuu hazikuchapishwa kuwa vitabu. Nakala zilizojalidiwa hukaa katika maktaba ya chuo, na hifadhi huria ya mtandaoni ndiyo inayozifikisha kwa msomaji aliye mbali. Kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya elimu masafa, umbali huo ndio msingi wa utaratibu mzima wa masomo.

Zinazohifadhiwa humo ni faili za PDF. Mfumo wa PDF ulitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 ili ukurasa uonekane sawasawa katika kila kompyuta na kila mashine ya kuchapia. Ni mfumo wa kutunza sura ya karatasi, na unaitunza kwa uaminifu hata pale uaminifu huo unapomdhuru msomaji. Ukurasa wa A4 una upana wa sentimita 21. Skrini ya simu ya kawaida ina upana wa takriban sentimita 7. Ukurasa ukijaa skrini, kila kitu kimepungua hadi theluthi moja, na herufi za ukubwa wa 12 zinaonekana kama za ukubwa wa 4. Hata pambizo zikiondolewa, maandishi yenye upana wa sentimita 15 yanashuka hadi chini ya nusu ya ukubwa wake. Msomaji hulazimika kuikuza kurasa na kuisogeza kulia na kushoto kwa kila mstari, kurasa 200 au zaidi. Faili ikiwa ni picha za kurasa zilizopigwa skana, hata kutafuta neno ndani yake hakuwezekani.

Hali hii haimo katika tafiti zilizojadiliwa. Vijana wa Norwei walisoma PDF kwenye skrini ya kompyuta, na wasomaji wa Kindle walisoma matini iliyopangwa kwa kifaa chao. Kwa hiyo, pengo la 0.21 haliwezi kuchukuliwa kuwa makadirio ya kile kinachompata mwanafunzi anayesoma tasnifu ya isimu kwenye simu huko Mpanda au Kigoma. Kuna sababu za kudhani kwamba kwake pengo ni kubwa zaidi: matini ni ya maelezo, mara nyingi muda unambana, na sehemu ya umakini wake inatumika kusogeza ukurasa badala ya kufuata hoja. Lakini dhana si kipimo. Jaribio linalofaa lingechukua sura moja ya tasnifu ya Kiswahili na kuiwasilisha kwa namna tatu: karatasi, PDF ya A4 kwenye simu, na matini inayojipanga upya kulingana na upana wa skrini kwenye simu hiyohiyo. Maswali yake yangeulizia mfuatano wa hoja pamoja na wazo kuu, na kila msomaji angetabiri alama zake kabla ya kujibu, kwa kuwa pengo kati ya utabiri na alama ndilo linalobeba habari kubwa zaidi.

Ulinganisho kati ya namna ya pili na ya tatu ndio wenye thamani ya haraka, kwa sababu vyuo vinaweza kuubadilisha mfumo wa faili bila kumnunulia yeyote kifaa kipya. Mfumo wa EPUB, unaoruhusu maandishi kujipanga upya, umekuwapo tangu mwaka 2007. Kizuizi kikubwa ni cha kitaaluma: matini inayojipanga upya haina nambari za kurasa zisizobadilika, na mtahini anayetaka kuonyesha kasoro, au mtafiti anayetaka kunukuu, amezoea kuandika "uk. 47". Wahakiki wa ushairi wa Kiswahili walikwisha kulivuka tatizo hilo kwa upande wao. Utenzi wenye matoleo na miswada mbalimbali hunukuliwa kwa nambari ya ubeti, na ubeti wa 312 unabaki kuwa wa 312 katika toleo husika, uwe umeandikwa kwa hati ya Kiarabu, umechapwa kwa herufi za Kirumi, au umefunguliwa kwenye simu. Aya za tasnifu zinaweza kupewa nambari kwa utaratibu huohuo, kuanzia utangulizi hadi sura ya mwisho, siku mwandishi anapowasilisha kazi yake.